Mazoezi ya kuvuta kujenga mgongo: chagua linalouchosha mgongo kwanza

Zoezi la kuvuta ni lile ambalo mzigo uko mbele yako au chini yako, nawe unauleta mwilini kwa kurudisha viwiko nyuma, kama mpiga makasia. Aina zake ni nyingi na kila jimu ina wabishi wake. Cha kujiuliza ni hiki: seti, yaani marudio unayofanya mfululizo bila kupumzika, ikiisha, kimechoka nini? Ikiwa kiuno kinawaka au vidole vimeachia chuma huku mgongo ungali na nguvu, zoezi hilo halijakufaa, hata uwe unavuta kilo 100.

Anza na kiwiko, maana ndicho kinachoamua kazi inaenda wapi. Mgongo si msuli mmoja. Kuna misuli mipana ya ubavuni, inayotoka kiunoni hadi kwenye mfupa wa juu wa mkono karibu na kwapa. Hiyo ndiyo inayompa mtu umbo la herufi V. Kuna pia misuli iliyo kati ya makombe ya mabega, ile inayopanda shingoni, na msuli wa nyuma ya bega. Kiwiko kikipita karibu na ubavu na mkono ukaishia usawa wa kitovu au nyonga, misuli ya ubavuni inabeba sehemu kubwa. Kiwiko kikifunguka nyuzi 60 au zaidi kutoka ubavuni na chuma kikaja chini ya kifua, kazi inahamia kati ya makombe na nyuma ya bega. Chagua zoezi moja la kila namna, mgongo utakua kote.

Chuma kirefu ukiwa umeinama

Hili linabeba uzito mkubwa kuliko mengine, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Simama miguu ikiwa na upana wa nyonga, kunja magoti kidogo, sukuma makalio nyuma mpaka kiwiliwili kibaki nyuzi 30 hadi 45 juu ya usawa wa sakafu. Mgongo uwe umenyooka, chuma kining'inie chini ya mabega. Vuta hadi kitovuni, kisha shusha kwa sekunde mbili mpaka mikono inyooke kabisa.

Kosa kubwa ni kiwiliwili kupanda kidogo kila rudio. Unaanza nyuzi 30, rudio la nane uko nyuzi 70, na hapo hauvuti tena, unapandisha mabega tu. Sababu karibu kila mara ni uzito uliozidi. Punguza asilimia 10 hadi 20. Isiposaidia, fuata namna inayoitwa kwa jina la kocha wa Marekani, Glenn Pendlay: kiwiliwili kinakaribia kuwa sambamba na sakafu, na chuma kinarudi sakafuni kila rudio. Kiuno kinapata pumziko fupi, na huna mwendo wa kuiba.

Ukitumia vyuma vya mtaani vyenye makopo ya zege, angalia kimo. Sahani kubwa za jimu zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma hukaa sentimita 22 hivi kutoka sakafuni. Kopo la rangi ni dogo, chuma kinakuwa chini mno na mgongo unapinda kukifikia. Weka tofali chini ya kila kopo. Pima pia makopo yote mawili kwenye mizani: zege lina kilo 2.4 hivi kwa lita, kopo la lita 4 linakaribia kilo 10, lakini tofauti ya kilo moja kati ya pande mbili inatosha kukupindisha.

Kushika viganja vikitazama mbele huleta viwiko karibu na mwili, lakini hubebesha mzigo msuli wa mbele wa mkono. Dorian Yates wa Uingereza, bingwa wa Mr. Olympia, mashindano ya wajenga misuli, kuanzia 1992 hadi 1997, alipenda namna hiyo, na mwaka 1994 alichanika msuli wa mkono wa kushoto akiifanya. Kwa uzito mkubwa, geuza viganja vikutazame.

Mkono mmoja

Kwa anayefanya mazoezi nyumbani, hili ndilo ningemchagulia kwanza. Mkono wa pili unashika benchi au kiti imara, kwa hiyo kiuno hakibebi mzigo mwingi. Vuta dambeli, yaani chuma kifupi cha mkono mmoja, kuelekea mfuko wa suruali, si kuelekea bega. Njia ya mkono iwe kama upinde. Ukivuta wima, mkono unachoka kabla ya ubavu.

Huna dambeli? Dumu la lita 10 lililojaa maji ni kilo 10, la lita 20 ni kilo 20. Lijaze hadi juu, kwani maji ya nusu yanayumba na kukuvuta pembeni. Mchanga mkavu una takribani kilo 1.6 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 10 linafika kilo 16. Funga kitambaa kwenye mpini, usikate vidole.

Kifua kwenye benchi

Inamisha benchi nyuzi 30 hadi 45, lala kifudifudi, vuta dambeli mbili viwiko vikiwa wazi. Kiuno kinapumzika kabisa, ndiyo maana linafaa siku uliyonyanyua chuma kizito kutoka sakafuni. Kifua kikiachana na benchi, uzito umezidi.

Mashine ya kebo ya kukaa ni nzuri pia, usiyumbe tu. Asiye na kifaa alale chini ya chuma kilichofungwa imara usawa wa kiuno na kujivuta kifua kifike. Miguu ikisogezwa mbele zaidi, kazi inakuwa ngumu.

Kwa wiki, lenga seti 10 za kuvuta ukianza, ukizigawa siku mbili, na usizidi 20. Kila seti marudio 8 hadi 12, ukiacha moja au mawili kabla ya kushindwa, na pumzika dakika mbili. Ukifikisha 12 seti zote, ongeza kilo 2.5. Vidole vikishindwa mapema, tumia mikanda ya kushikia kwenye seti nzito. Maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi ni sababu ya kuacha siku hiyohiyo na kumwona daktari.