Kutunga historia ya kundi la wauaji wa siri wa enzi za kati

Anza na ngome, si jambia. Wanizari wa Uajemi, tawi la Waismaili wa Kishia waliosifika kwa mauaji ya siri, waliitwaa ngome ya milimani ya Alamut mwaka 1090, na nguvu yao ilitegemea maghala na matangi ya maji yaliyochongwa mwambani. Kundi lako nalo lipe akiba ya chakula ya mwaka mzima, kiongozi mmoja na adui mmoja mkubwa. Mauaji yawe machache: kuuawa kwa waziri Nizam al-Mulk, 1092, kulitosha kuitikisa dola ya Waseljuki, watawala wa Kituruki wa Uajemi wa wakati huo. Hapa ndipo wengi huharibu, muuaji akatoroka kwa kuruka mapaa. Fidai, yaani muuaji wa Kinizari aliyejitoa mhanga, alichoma kisu hadharani, mara nyingi akauawa papo hapo. Hadithi kwamba fidai walileweshwa bangi na kuonyeshwa bustani za peponi waachie maadui wazivumishe. Kisha andaa anguko; Alamut ilisalimu amri kwa Wamongolia 1256.