Kabla mkupuo haujaingia: mambo ya kuweka sawa miaka mitatu mapema

Siku mkupuo, yaani fedha ya kustaafu inayolipwa mara moja, unapoingia benki, simu ya mstaafu haipumziki. Anapiga mwenye viwanja, anapiga mpwa mwenye wazo la Coaster, anapiga ofisa mikopo ambaye sijui habari kazipata wapi. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi nikiandaa majalada ya wanaostaafu, na nimeona kwamba pesa ile ikifika kabla ya mpango, mpango huletwa na wengine. Kwa hiyo anza miaka mitatu nyuma. Mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60, hivyo tarehe yako unaijua tangu ulipojaza fomu za ajira.

Kwanza piga hesabu mwenyewe. Watu huulizana mkupuo tu, ilhali kitakachonunua unga ni pensheni ya mwezi. Chukua mwalimu aliyechangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, miezi 360, na wastani wa mshahara wa miaka yake mitatu bora ni Sh 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Miezi inagawanywa kwa 580, jibu linazidishwa kwa mshahara wa mwaka: inatoka kama 7,448,000, na hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Tangu bajeti ya 2024, kiwango cha mkupuo hutegemea kundi ulilokuwamo zamani; walio kundi lake huchukua asilimia 40 kwa mkupuo, ikizidishwa kwa 12.5, ambayo ni takribani milioni 37.2. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12. Anapata kama 372,000 kwa mwezi. Soma tena namba hiyo. Aliyekuwa na milioni kabla ya makato sasa hafikishi laki nne, na ada ya mtoto wa mwisho haikustaafu naye. Walio kwenye kundi lililokuwa likipewa asilimia 25 zamani wao sasa wana 35, kwa hiyo uliza mapema wewe uko wapi.

Kisha fungua jalada lako. Barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, hati za mshahara, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA: ziweke mezani zote kwa pamoja na usome jina herufi kwa herufi. Mama mmoja alikuwa Mwanaidi kwenye barua ya ajira, Mwanahidi kwenye hati ya mshahara, na kitambulisho kikaongeza jina la mume. Tulimwandikia, akala kiapo, akarudi, akaambiwa aongeze mhuri, akarudi tena. Wenzake wa mwezi ule walishalipwa yeye bado anapanda basi.

Sekta binafsi kuna mtego mwingine. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba yamefika NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi. Omba taarifa ya michango yako kila mwaka na uihesabu mwezi kwa mwezi, kwa sababu pensheni ya uzee inataka michango ya miezi isiyopungua 180. Mwenye miezi 172 anaweza kudhani amekosa kidogo tu, kumbe ile minane ambayo mwajiri hakupeleka ndiyo pensheni yenyewe. Ukiwa bado kazini una sauti na mashahidi. Ukishatoka, mhasibu wa wakati ule kahama na kampuni labda imebadili jina.

Madeni ni neno fupi: mkopo wa mshahara uishe kabla ya tarehe yako, na usichukue mpya kwa kuhesabia mkupuo.

Sasa pesa yenyewe. Igawe kwenye karatasi kabla hujaiona. Matumizi ya mwaka mzima yakae mahali pa kutoka upesi, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako unauza vipande, yaani hisa zako ndogo za mfuko, na pesa inatoka ndani ya siku chache. Ujue tu kwamba faida ya mfuko haina dhamana. Sehemu ya kukupa kipato iende kwenye hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali, zinazouzwa kwa mnada wa Benki Kuu kuanzia Sh 1,000,000 na kulipa riba kila miezi sita. Tuseme umeweka milioni 20 na riba ni asilimia 12: unapata 1,200,000 mara mbili kwa mwaka. Ukinunua mbili zenye tarehe tofauti za malipo, pengo la kusubiri linapungua. Ya miaka 25 ukiinunua una 60 itaiva una 85. Unaweza kuiuza kabla kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila bei siku hiyo ni ya soko, si yako. Na biashara usiyowahi kuifanya isianze na mkupuo. Kuku 500 wa mayai wanamtaka mtu ambaye alishawahi kuzika kuku 50 na akajua kwa nini.

Kwa yote haya utahitaji mshauri, na hapa ndipo ningekaa zaidi. Wengi wanaojiita washauri wa uwekezaji ni wauzaji, na kuuza si dhambi, mradi ujue. Muulize bila aibu: nikinunua hiki, wewe unalipwa na nani, kiasi gani? Anayelipwa kamisheni hawezi kukwambia ulipe deni kwanza, kwa sababu deni lako halimlipi. Ukimpata wa kumlipa mwenyewe kwa kikao, mlipe. Leseni ya ushauri wa uwekezaji hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana; mwombe namba yake, kisha ihakiki kwa mamlaka yenyewe. Pesa usiitume kwenye akaunti yake wala simu yake hata siku moja. Vipande vinunuliwe kwa jina lako, hatifungani ikae kwenye akaunti yako ya CDS, inayotunza dhamana zako kielektroniki. Waliopanda mbegu DECI, ule mchezo wa upatu uliovunjika 2009, hawakuwa wajinga. Waliona majirani wamevuna, na kuona kukatosha.

Mwisho wa orodha kuna mambo mawili ambayo watu huyaacha hadi wauguliwe. Bima ya afya ya NHIF mstaafu huendelea nayo pamoja na mwenza, lakini watoto hutoka, kwa hiyo wa chuo mtafutie kadi yake mapema. Na fomu ya wategemezi kule kwenye mfuko: ya kwangu niliipekua mwaka jana nikakuta nilimwandika marehemu mama, na mke wangu niliyeishi naye miaka 22 hayumo.