Programu Isiyojiwasha Umeme Unaporudi

Hapa Chake Chake umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya Linux ya dukani kwetu huwaka yenyewe, lakini programu ya stoo ilikuwa ikibaki imelala mpaka mtu aiamshe kwa mkono. Likikufika hilo, andika `systemctl is-enabled` pamoja na jina la huduma (yaani programu inayowashwa na kusimamiwa na systemd, msimamizi wa programu kwenye Linux nyingi). Jibu likiwa `disabled`, yaani haijapangwa kujiwasha, tumia `sudo systemctl enable` na jina hilo, kwani `start` huiwasha huduma kwa wakati ule tu.

Ikiwa jibu ni `enabled` na bado haiwaki, soma kumbukumbu za tangu mashine ilipowaka kwa `journalctl -b -u` na jina lile lile. Hapa ndipo wengi tunapopoteza muda: programu inayokwenda vizuri ukiiita mwenyewe hufa inapoitwa na systemd, kwa sababu haipati PATH uliyoizoea (orodha ya mahali amri hutafutwa) wala haianzii kwenye saraka yako, yaani folda yako, hivyo andika njia kamili ya kila faili. Kwetu sisi kasoro ilikuwa nyingine, maana programu iliutangulia mtandao. Tuliongeza mistari hii chini ya `[Unit]` katika faili la huduma:

`Wants=network-online.target`
`After=network-online.target`

Kisha tukaendesha `sudo systemctl daemon-reload` na kuiwasha mashine upya.