Namna ya Kufuatilia Mjadala wa Bajeti ya Ulinzi Ukiwa Lamu

Mwezi Juni mwaka 2025, viongozi wa nchi za NATO, muungano wa kijeshi wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, walikutana mjini The Hague, Uholanzi, na kukubaliana kutenga asilimia 5 kwa ajili ya ulinzi ifikapo mwaka 2035. Habari hiyo ilifika barazani kwetu Mkunguni kabla kahawa ya alasiri haijamiminwa mara ya pili. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia akasema kwamba hiyo asilimia 5 si ajabu, kwa kuwa Kenya nayo hutumia kiasi kama hicho. Kijana aliyekaa karibu na birika akampinga kwa adabu: "Babu, Kenya haifiki hata asilimia 2." Wote wawili walikuwa wamesema kweli, lakini wakabishana hadi adhana ya magharibi, kwa sababu hakuna aliyeuliza: asilimia 5 ya nini?

Anza na swali hilo kila unaposikia tarakimu ya ulinzi. Katika bajeti ya Kenya ya mwaka wa fedha 2025/26, Jeshi la Ulinzi lilitengewa takriban shilingi bilioni 202. Ukizigawanya fedha hizo kwa bajeti nzima ya taifa, iliyokuwa karibu trilioni 4.29, utapata kitu kama asilimia 4.7, na hapo mzee ana haki yake. Ukizigawanya kwa pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, ambalo kwa mwaka 2024 lilikadiriwa kuwa takriban trilioni 16.2, utapata asilimia moja na kidogo juu yake, na hapo kijana naye ana haki yake. NATO huhesabu kwa pato la taifa. Kwa hiyo asilimia 5 yao ni mzigo mkubwa mno kuliko inavyosikika, na ndiyo maana Hispania iligoma waziwazi kuifuata.

Ukishajua ni asilimia ya nini, chungulia kilichomo ndani yake. Makubaliano ya The Hague yaligawa ile 5 mafungu mawili: 3.5 kwa majeshi na silaha zenyewe, na 1.5 kwa mambo yanayohusiana na ulinzi, kama vile madaraja, barabara, bandari na usalama wa mitandao. Kwa hesabu ya namna hiyo, Kenya ingeweza kuingiza lami ya barabara ya Garsen hadi Lamu na gati za bandari yetu kwenye matumizi ya ulinzi, na hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba imedanganya. Sisemi kwamba ni hila. Nasema tu kwamba tarakimu mbili zenye jina moja zaweza kuwa zimebeba shehena tofauti, na msomaji makini hufungua magunia kabla ya kulinganisha uzito.

Tahadhari nyingine ni ya kulinganisha miaka. Taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI, ya Stockholm, ilikadiria kwamba dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi mwaka 2024, ongezeko la asilimia 9.4 baada ya kuondoa mfumuko wa bei, ambalo ni kubwa kuliko yote tangu kumalizika kwa Vita Baridi. Maneno hayo, "baada ya kuondoa mfumuko wa bei", ndiyo ya kutafuta katika kila habari. Waziri akisema ameongeza bajeti kwa asilimia 6 katika mwaka ambao bei zimepanda kwa asilimia 6, hajaongeza chochote.

Kisha uliza fedha hizo zimetoka wapi. Hili ndilo wengi hulipita, na kwetu ndilo lenye uzito zaidi. Februari 2025, Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba nchi yake itafikisha matumizi ya ulinzi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027, na kwamba ili kupata fedha hizo, misaada ya nje itapunguzwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato. Ujerumani ilichagua njia nyingine: mwezi uliofuata ilibadilisha katiba ili ulinzi uweze kugharimiwa kwa mikopo kupita mpaka uliokuwapo. Shabaha ni moja, ila mlipaji ni tofauti. Ujerumani imemwachia deni mjukuu wake, na Uingereza imemwachia pengo mtu aliye mbali, ambaye huenda ni mama anayengoja dawa katika zahanati ya kisiwa ambacho wabunge wa London hawajawahi kukisikia. Kwa hiyo ukisikia mjadala wa ulinzi wa nchi tajiri, usiishie kwenye idadi ya vifaru. Tafuta aya inayosema ni nini kimepunguzwa.

Kwa Kenya, kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi ujue kalenda. Taarifa ya Sera ya Bajeti hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Pakua makadirio kutoka tovuti ya Hazina ya Kitaifa na utafute fungu (Vote) nambari 1041, ambalo ni la ulinzi, na nambari 1281, ambalo ni la Idara ya Ujasusi. Usitarajie maelezo marefu, kwa kuwa sehemu kubwa ya fungu la ulinzi huonekana kama tonge moja. Hata hivyo, utaweza kuona mgawanyo wa matumizi ya kawaida na ya maendeleo, na ukilinganisha na bajeti za nyongeza utajua kama kiasi kilichoombwa Aprili kilibadilishwa baadaye. Katiba, katika kifungu cha 223, huiruhusu serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaziidhinisha, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili. Mambo mengi ya usalama hupitia mlango huo.

Sera ya nje nayo isomwe kwa jicho hilohilo. Bunge la Kitaifa limeyaweka mambo ya ulinzi, ujasusi na mahusiano ya kigeni chini ya kamati moja, nami naona wamefanya vyema, kwa sababu hayatenganishiki. Juni 2024, Marekani iliipa Kenya cheo cha mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Cheo hicho hurahisisha ununuzi wa silaha na mafunzo, lakini hakina ahadi yoyote ya kututetea tukivamiwa. Mwaka haukutimia kabla Nairobi haijainua uhusiano wake na China pia, Aprili 2025, na baadhi ya wanasiasa wa Washington wakanuna. Badala ya kubishana nani rafiki wa kweli, andika safu mbili katika daftari: kilichotamkwa na kilicholipiwa. Safu ya pili ikibaki tupu kwa miaka miwili, ile ya kwanza ilikuwa salamu tu.

Jua pia ni nani anayeidhinisha. Kifungu cha 240(8) cha Katiba kinasema kwamba Baraza la Usalama wa Taifa laweza kupeleka majeshi nje ya nchi, au kukubali majeshi ya kigeni yawepo nchini, kwa idhini ya Bunge. Wananchi walikitumia kifungu hicho, na Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Baraza halina mamlaka ya kuwapeleka polisi Haiti, kwa kuwa kinahusu majeshi, si polisi. Serikali ililazimika kutia saini mkataba na nchi hiyo kabla askari wa kwanza hawajaondoka Juni mwaka huohuo. Kwa mkaazi wa Lamu, mwenye kambi ya Magogoni, yenye askari wa Marekani, ng'ambo ya maji na anayekumbuka alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipowaua Wamarekani watatu katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, sehemu ya pili ya kifungu hicho si nadharia.

Baada ya kusoma, andika. Kifungu cha 221 huilazimu kamati ya Bunge kutafuta maoni ya umma kuhusu makadirio, na tangazo hutoka magazetini likiwa na siku chache tu za kujibu, basi uwe umeandaa mapema. Waraka uelekezwe kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, usizidi ukurasa mmoja, utaje nambari ya fungu, na uombe jambo moja. Pale barazani tulianza na malalamiko kumi na mawili, yakiwemo yale ya miaka ambayo wavuvi walizuiwa kuvua usiku na mabasi kusindikizwa na polisi hadi Mokowe. Tuliyachuja hadi likabaki swali moja: je, katika fedha za usalama wa mpaka wa Somalia, ni kiasi gani kimetengwa kwa doria za baharini kati ya Kizingitini na Kiunga, ili mvuvi asitozwe gharama ya usalama kwa kunyimwa bahari? Yule mzee baharia alitaka tuongeze jambo la punda. Tulimwomba radhi.

Usipojibiwa, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Utaambiwa, huenda, kwamba ni siri ya usalama wa taifa, na sheria kweli inaruhusu hivyo kwa baadhi ya mambo. Omba basi jumla ya fedha peke yake, bila idadi ya boti wala ratiba za doria. Ukikataliwa tena, una siku 30 za kulifikisha shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Peleka nakala mbili, na ile ya pili irudi nawe ikiwa imegongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa.