Mtoto akirudi nyumbani baada ya kupandikizwa uboho: vile tunavyoishi sisi hapa Mombasa

Siku tuliporudi kutoka India jamaa walijaa airport kutupokea, kila mtu ataka kumkumbatia mtoto, na mimi nimesimama na maski yangu nawaambia jamani tafadhalini msimshike. Wako walionuna mpaka leo. Lakini hospitali kumruhusu mtoto kwenda nyumbani si kwamba ameshapona, ile kinga yake mpya ni changa kama ya mtoto mchanga na itachukua mwaka au zaidi kukomaa, na mwaka huo wote mlinzi ni wewe.

Binti yangu ana miaka 11, alikuwa na siko seli (selimundu), aliyempa uboho ni kakake wa tumbo moja. Ndugu kulingana vipimo ni bahati, kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne. Haya naandikia mzazi aliye njiani kurudi au aliyerudi juzi na hajui aanzie wapi. Neno la daktari wako ndilo la kwanza, haya yangu ni ya ndani ya nyumba.

Anza na nyumba kabla hamjafika. Yetu ni ya zamani, Mji wa Kale, kuta za mawe na chokaa, masika ikiingia ukuta wa chumba cha nyuma wafanya ukungu mweusi. Ule ukungu pamoja na vumbi la ujenzi una vijidudu vinavyoingia mapafuni kwa mtu asiye na kinga, kwa hivyo kama kuna kukwangua ukuta au kupiga plasta maliza wiki kadhaa kabla, usifanye mtoto akiwa ndani. Jirani yetu alipoanza kuvunja ukuta wake nilimhamishia mtoto kwa khalati yake Bamburi mpaka fundi akamaliza. Ufagio mkavu weka kando, pangusa kwa tambara bichi. Udi na ubani pia tulisimamisha, moshi ni moshi. Vikuba vya asumini, maua freshi na vyungu vya mchanga vilitoka nje. Paka si lazima umfukuze ila mtoto asiguse uchafu wake wala asilale naye, na kuku wa uani watafutie mahali kwengine. Neti ya mbu kila usiku, hata ule msimu mnaosema mbu hakuna.

Sasa dawa. Hapa ndipo nataka usome polepole manake ndipo nilipokosea. Dawa ya kutuliza kinga, yetu ni saiklosporini, huliwa mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, alamu ya simu ikilia nawacha hata chungu motoni. Ikipungua mwilini ule uboho mgeni waweza kuanza kupigana na mwili, ikizidi figo zaumia, kwa hivyo wapima kiwango chake kwenye damu. Siku ya kipimo mtoto HALI dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe, waibeba kwenye mkoba anakula pale pale baada ya sindano. Mimi nilimpa nyumbani kwa mazoea, kipimo kikaja juu sana, tukakaa siku mbili na roho mkononi mpaka kikarudiwa. Tangu hapo usiku wa kuamkia kipimo nabandika karatasi juu ya mkebe wa dawa. Vidonge usivitoe kwenye karatasi yake ya fedha kabla ya wakati, na usiviache dirishani wala ndani ya gari kwa joto letu hili. Akitapika usimrudishie kwa kukisia, piga simu uulize. Tafuta duka la dawa linaloiweka wakati bado una ya wiki mbili au tatu, na wakikupa ya kampuni nyengine usikubali mpaka daktari ajue, kwa sababu kiwango kwenye damu chaweza kubadilika ijapokuwa jina la dawa ni lile lile.

Homa: 38 ni 38. Usingoje asubuhi, usimpe panadol kwanza uone kama itashuka, kwa sababu yaificha homa na daktari hataiona. Brufen pia hapana bila ruhusa, yaumiza figo ambazo tayari zina kazi. Pima, piga simu, ondokeni. Mkoba wetu wakaa nyuma ya mlango: nguo moja, leso mbili, chaja, dawa zote, na barua ya daktari. Ile barua ni muhimu sana manake usiku wa manane waweza kumkuta daktari ambaye hajawahi kuona mtu aliyepandikizwa uboho, na akiona siko seli kwenye faili ya zamani atatibu siko seli. Barua iseme alipandikizwa lini, dawa anazokula, kundi la damu ni gani sasa (laweza kubadilika likawa la aliyempa), na kwamba akihitaji damu iwe ile iliyopigwa miale.

Chakula kilinitesa kuliko vyote kwa sababu mtoto wa Mombasa wamlea kwa vitu vya barabarani. Maji yote chemsha yatokote, ya mfereji, ya kisima, ya mkokoteni, yote, kisha weka chombo chenye mfuniko na bomba asichote mtu na kikombe. Kachumbari, embe mbichi za pilipili, maji ya miwa, mabuyu ya kupimwa kwa mkono, mayai yasiyoiva, maziwa yasiyochemshwa, wali uliolala nje, vyote tuliweka kando. Alipolilia viazi karai nilimtengenezea mwenyewe, na ukwaju nikauchemsha. Balungi na furungu hapana kabisa, vyapandisha kiwango cha saiklosporini. Madafu uliza daktari kwanza, yana potasiam nyingi na hii dawa yenyewe huipandisha. Habbasoda, mitishamba na unga wowote utakaoletewa na mtu mwenye nia njema, weka kabatini mpaka uulize, hata kama anakuapia.

Na hao wenye nia njema ndio wengi. Sisi tuliweka ndoo ya bomba na sabuni mlangoni, babake akawa ndiye wa kukataza, manake wakwe watamsikiza yeye kuliko mimi. Mwenye mafua haingii, watoto wadogo hawaingii, wengine wakaa barazani wanamuona kupitia dirisha. Shangazi yao alikuja na sinia la mahamri ya moto na mbaazi, akakaa baraza akampigia binti simu ya video huku wako hatua nne mbali, wakacheka mpaka magharibi. Hivyo yawezekana. Harusi, matanga, matatu na feri ya Likoni mwaka wa kwanza tulisahau, tuktuk ya mtu mmoja tunayemjua ilitutosha.

Usimsahau yule aliyetoa uboho. Mwezi wa tatu baada ya kupandikizwa binti alitoka vipele vyekundu viganjani na masikioni, ikawa ndio ule uboho mgeni unashambulia ngozi. Kijana wangu, miaka 14, alinikuta jikoni naosha vyombo akaniuliza, "Mama, ni damu yangu ndiyo inamchoma?" Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba mtoto amebeba jambo hilo. Nikaenda naye kliniki, daktari akamueleza mwenyewe kwamba si kosa la mtu, yatokea hata kwa ndugu waliolingana kabisa, na dawa ipo. Fanya hivyo mapema, usingoje aulize. Na mpe siku yake, sisi Ijumaa jioni hutoka wawili tu na babake kwenda ufukoni Mama Ngina.

Dalili hizo zijue: vipele, kuharisha, macho kuwa manjano, na baadaye macho na mdomo kukauka au ngozi kukakamaa. Jua laweza kuziamsha, basi mikono mirefu, mwavuli na mafuta ya kukinga jua.

Kuhusu chanjo, zile za utotoni huwa zimefutika. Za kawaida huanzwa upya kuanzia miezi 6 hadi 12 baada ya kupandikizwa, lakini zenye kirusi hai kama surua hungoja angalau miaka 2, na awe ameacha dawa za kutuliza kinga. Nyinyi wengine nyumbani chomeni ya mafua. Kama kuna mtoto mchanga anayepewa matone ya polio ongea na daktari kabla, kile kirusi hutoka kwenye choo chake. Tetekuwanga ikiingia madrasa piga simu siku ile ile. Na mkirudi India kwa kliniki watataka kadi ya homa ya manjano, ile ya zamani itunze, asichanjwe tena bila ruhusa maana nayo ni hai.

Shule alirudi mwezi wa 10 baada ya kupandikizwa, nusu siku, kwa sababu uchovu huu haumalizwi na usingizi wa usiku mmoja. Ile barua tulitoa kopi nne: moja kwenye mkoba nyuma ya mlango, moja kwenye simu ya babake, moja kwa khalati, na moja kwa mwalimu wa darasa, ambaye nilikaa naye nikamsomea sehemu ya 38 mara mbili.