Kukagua msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) unaofuatilia rejista za uwezo wa kichakataji, yaani vihifadhi vidogo vinavyoeleza kichakataji kinaweza nini
Kwenye Linux ya arm64 (vichakataji vya Arm vya biti 64), fungua faili la cpufeature.c sambamba na mwongozo wa Arm, ulinganishe biti ambapo kila sehemu ya rejista inaanzia. Sehemu nyingi zina upana wa biti 4.

Kisha kagua ishara, yaani kama namba inaweza kuwa hasi. Hapa ndipo wengi huteleza. Sehemu za FP (hesabu za desimali) na AdvSIMD (hesabu za data nyingi kwa pamoja) ndani ya rejista ya ID_AA64PFR0_EL1 husomwa kama namba zenye ishara: 0xF ni -1, yaani uwezo haupo. Ukizisoma bila ishara, unapata 15, na kerneli itadhani uwezo upo tele!

Kanuni ya FTR_LOWER_SAFE huchagua thamani ndogo miongoni mwa vichakataji vyote. Ikatae pale ambapo kubwa ndiyo salama.

Rejista mpya iingizwe kwenye jedwali la arm64_ftr_regs kwa mpangilio wa kupanda, kwani jedwali hutafutwa kwa kuligawa nusu kwa nusu.