Mbuzi wa mnadani asilale na mbuzi wako: kinga ya sotoka Tabora

Mbuzi akinunuliwa mnadani Igunga au Nzega jioni, kesho yake asubuhi yumo malishoni na wenzake. Hapo ndipo zizi nyingi zinapoangamia. Mnyama aliyeambukizwa sotoka ya mbuzi na kondoo hukaa siku nne hadi sita, pengine hata wiki mbili, kabla hujaona kitu. Siku ya kumnunua anaruka na anakula vizuri.

Kirusi cha sotoka hii ni ndugu wa kile cha sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hii ya mbuzi ilithibitishwa nchini mwaka 2008, upande wa Ngorongoro. Haimpati binadamu. Ng'ombe huambukizwa bila kuugua. Mbuzi ndio wanaoumia zaidi kuliko kondoo, na ikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa inaweza kuua zaidi ya nusu.

Huanza na homa kali: mnyama anajitenga, manyoya yamesimama, pua kavu. Kisha hutoka makamasi mepesi, ambayo baadaye huwa mazito ya njano na kuziba pua, na macho hushikwa na tongotongo. Mfungue mdomo. Ukiona kwenye fizi na ulimi utando kama pumba zilizolowa, na pumzi inanuka vibaya, usisubiri kuhara kuanze, maana kutaanza. Majike wenye mimba hutupa, na wengi hufa ndani ya siku tano hadi kumi tangu homa ianze.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuyachukulia makamasi hayo kuwa mafua. "Bwana mifugo, ni baridi tu, nimeshawachoma OTC," mfugaji ananiambia, na tayari sindano ile ile imepita kwa wagonjwa na wazima. Dawa hiyo, antibiotiki ya oksitetrasaiklini, haiui kirusi. Husaidia tu mapafu yasishambuliwe na bakteria, na hata hapo kipimo kitolewe na mtaalamu. Wapo wanaochanganya na homa ya mapafu ya mbuzi. Ile hukohoza sana, lakini haileti vidonda mdomoni wala kuhara, na kondoo hawaiugui. Kwa uhakika, mtaalamu achukue sampuli kwa mnyama aliye hai, siku za mwanzo za homa. Hapa Tabora pana kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Sasa huyo mgeni wa mnadani. Mtenge wiki tatu, mbali na zizi, na ndoo yake ya maji na chakula chake. Ahudumiwe mwisho, baada ya wazima. Mbuzi wa mahari naye atengwe, pia uliyemkopesha jirani akarudi, na hata wako mwenyewe uliyempeleka mnadani ukakosa bei. Huyu wa mwisho hakuna anayemshuku, wakati ameshinda siku nzima amebanana na mbuzi wa vijiji kumi.

Kinga ya kweli ni chanjo. Sindano moja hulinda miaka mitatu au zaidi, na sotoka imo katika kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025. Lakini mbuzi huzaa upesi. Ukichanja leo ukanyamaza, mwakani una vitoto wengi wasio na kinga kabisa. Kinga waliyopewa na mama kwa maziwa huisha wakiwa na miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo kila mwaka wachanjwe vitoto wapya waliofikisha miezi minne. Chagua wakati kabla kiangazi hakijakusanya makundi kwenye malambo na kwenye mabua yaliyobaki mashambani, na wape wiki mbili za kujenga kinga kabla ya kuchangamana. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikija mfukoni bila barafu, ikatae, hata kama anayeileta ni mtu unayemheshimu. Mnyama mwenye homa asichanjwe.

Ugonjwa ukishaingia, funga kundi nyumbani na umpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Nakuomba sana usikimbilie mnadani kuuza waliobaki ili uokoe kidogo, maana unampelekea mwenzako msiba, na kusafirisha mifugo kunahitaji kibali. Waliokufa wazikwe shimo refu, mbwa wasiweze kufukua. Nyama yao isiliwe, hasa waliochomwa dawa. Wagonjwa wape maji safi kila mara na majani laini, kwa sababu mdomo unawauma. Zizi lifagiliwe, samadi irundikwe mbali, jua liingie. Kirusi hiki hakidumu kwenye jua, na walionusurika hawaiugui tena, kwa hiyo majike hao usiwauze.